Diski kubwa ndani ya masini ya zamani: muangalie giga 137

Ordinatere nyingi zenye ziko ku sekretaria na ku studio za foto zilifika hapa kwetu zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya. Zingali zinatumika vizuri, ila diski duru yake ni ya giga 20 ao 40, na imejaa zamani. Mwenye studio ananunua ya giga 250, fundi anaifunga, Windows inawaka, kila mtu anafurahi. Hatari inaanzia hapo.

Diski imegawanywa masekta, kila sekta baiti 512. Masini nyingi za mbele ya mwaka 2002 zinaita sekta kwa namba ya biti 28 tu. Namba hizo zinaishia kwa milioni 268 na kitu, ndiyo giga 137. Kupita hapo, ni sawa na kompteri ya motokari ya zamani: ikimaliza 99999, inarudi ku sifuri.

Kama Bios inaonyesha giga 137 peke yake, si mbaya sana, umepoteza nafasi tu. Ubaya ni diski yenye ilitayarishwa mu masini mpya, kisha ikaletwa mu ya zamani. Sistemu inaona giga 250 yote. Miezi inapita bila shida. Siku foto za ndoa zinapita ule mpaka, masini inaweza kuziandika ku mwanzo wa diski, juu ya Windows na ya orodha ya mafishie. Asubuhi haiwaki tena, na watu wanasema ni virusi.

Dawa iko. Windows XP inataka Service Pack 1 ya mwaka 2002 ao ya nyuma yake. Ile ya kwanza kabisa, muiache. Bios nayo inaweza kufanywa mpya, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, karti mere inaweza kufa. Kwetu, kwa namna umeme unakatika, mimi sishauri bila batri ya kusaidia. Afadhali karti ya PCI yenye Bios yake, ao kutia diski mu boatie ya USB. Na boatie za zamani sana ziko na mpaka uleule.

Masini za mbele ya 1999 ni shida ingine: zingine zinasimama kabisa zikiona diski kupita giga 32. Hapo diski zingine za IDE ziko na kavalie ndogo ya nyuma, yenye kuifanya ionekane ya giga 32. Ya tera 3, musihangaike: Windows XP ya biti 32 inaishia ku tera 2,2.

Mbele ya kuweka kazi ya wateja, jaza diski na kopi za filme zisizo na maana mpaka ipite giga 137. Zima, washa, kisha fungua mafishie ya kwanza kabisa. Zikifunguka zote, futa filme na uanze kazi.