Nguvu za Magneto: Uwezo wa Ajabu kama Mbinu ya Uhusika

Watahiniwa wengi wanapoulizwa waeleze mhusika mwenye uwezo wa ajabu, huorodhesha nguvu zake wakadhani wamejibu swali. Orodha pekee si uhakiki.

Tuchukue mfano wa Magneto, mhusika mwovu katika vitabu vya katuni vya Kimarekani viitwavyo X-Men. Alibuniwa na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby mwaka wa 1963. Magneto hutawala nguvu za sumaku: huinua vyuma vizito bila kuvigusa, hupaa angani na kujikinga kwa ngao isiyoonekana. Katika toleo la kwanza anateka kituo cha kijeshi baada ya kuvuruga makombora yake. Hapa ni mhusika bapa. Anataka kuwatawala binadamu, basi. Nguvu zake zinasukuma ploti tu.

Mnamo 1981, katika toleo la 150, mwandishi Chris Claremont alimpa historia. Msomaji anafahamu kwamba Magneto alikulia Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliwaangamiza jamaa zake. Nguvu ni zile zile, ila sasa zina maana: mtoto aliyekuwa mnyonge mbele ya wenye bunduki amekuwa mtu asiyetishwa na chuma chochote. Kinaya ni kwamba katika toleo lilo hilo anazamisha nyambizi ya Kisovieti pamoja na mabaharia wake, kisha nusura amuue Kitty Pryde, msichana wa Kiyahudi. Anapomwona amelala kama maiti, anatambua kwamba anafanana na waliomdhulumu. Mhusika bapa amekuwa duara, na maudhui ya dhuluma kuzaa dhuluma yamejitokeza. Mtahiniwa akumbuke kuwa kumwelewa mhusika si kumtetea.

Basi ukikutana na mhusika wa aina hii, jiulize: Nguvu zake zinasukumaje ploti? Zinafichua nini kuhusu nafsi yake? Mpaka wake ni upi?

Swali la mwisho ndilo zito. Katika mighani, Fumo Liyongo hakuuawa kwa mkuki wala mshale, bali kwa sindano ya shaba aliyodungwa kitovuni na mwanawe. Mpaka wa nguvu zake unatuelekeza kwenye usaliti. Magneto naye, katika toleo hilo, kinachomsimamisha si silaha. Ni dhamiri yake.