Anayeacha ulevi asiachwe peke yake

Mtu hulewa pamoja na wenzake, lakini siku anapotaka kuacha ulevi huambiwa akaache peke yake. Hapo ndipo jamii yetu inapokosea, na kosa hilo limetupotezea wakulima, wazazi na hata walimu.

Tuchukue mfano wa Boito, katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, ambako mashamba ya majani chai yamevifunika vilima. Hapo kale, wazee wa Kipsigis waliketi kukizunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kikao hicho kilikuwa na adabu zake. Siku hizi chang'aa humfikia yeyote mwenye shilingi mfukoni. Malipo ya bonasi yanapowadia, aghalabu mwezi wa Oktoba, mkulima aliyesubiri mwaka mzima aweza kurejea nyumbani mikono mitupu, ilhali karo ya watoto haijalipwa.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya kudhibiti vileo ilipitishwa mwaka 2010, na inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuuziwa pombe. Machifu nao huvamia mapango ya pombe haramu na kuimwaga. Hatua hizo zina manufaa yake. Hata hivyo, kumwaga pombe si kumwondolea mlevi kiu. Atakayemsaidia kuishinda kiu hiyo ni nani?

Jibu moja lilipatikana mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta ugenini baada ya shughuli zake kuharibika, na tamaa ya kunywa ikamrudia. Badala ya kuingia kilabuni, alipiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha pombe kwa miaka mingi. Mazungumzo ya watu hao wawili yakazaa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Utaratibu wa vikundi hivyo ni mwepesi. Hakuna ada wala fomu ya kujaza. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Watu huketi pamoja, kila mmoja akaeleza yaliyomfika, na wengine wakasikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Hawaapi kuacha pombe maisha yao yote. Hujitahidi kutokunywa leo. Yanayosemwa humo hayatolewi nje.

Kuna watakaosema kwamba kijijini hakuna siri, kwa hiyo nani atathubutu kuhudhuria? Tujiulize: kijiji ambacho kimemwona mtu akilala mtaroni, kinafichwa nini zaidi? Mficha maradhi, kifo humfichua. Aibu ya kuonekana akiingia mkutanoni ni ndogo mno ikilinganishwa na aibu ambayo tayari ameizoea.

Wengine watalalamika kwamba vikundi viko mbali, mijini. Kweli, nauli si jambo dogo kwa mchuma majani. Lakini Akron walianza wawili. Chumba kimoja cha darasa jioni, au ukumbi wa kanisa siku isiyo ya ibada, watosha. Anayetaka pa kuanzia aweza kupiga simu bila malipo nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mwenye simu ya intaneti aweza pia kuhudhuria mikutano kwa njia hiyo hadi kikundi cha karibu kipatikane.

Ni muhimu kutoa tahadhari hapa. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asikatize pombe ghafla bila kumwona daktari, kwani aweza kupatwa na kifafa au kuweweseka, na hali hiyo huweza kuua. Hospitali kwanza, kikundi baadaye. Kikundi si badala ya tiba.

Ndugu mwalimu, suala hili linakuhusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mfanyakazi ambaye ulevi umemfanya ashindwe kazi. Mwenzako anapofika shuleni akinuka pombe, walimu humfichia leo na kumsengenya kesho, mpaka barua ya kufutwa ifike. Huko si kumsitiri. Anayempenda mwenzake humwita kando, akamweleza ukweli, kisha akafuatana naye hadi mlango wa mkutano.

Nawe mwanafunzi ambaye baba au mama yako hulewa, fahamu kwamba kosa si lako, na si kazi yako kumponya. Tafuta mwalimu unayemwamini umweleze. Tangu mwaka 1951 kuna hata chama cha jamaa za walevi, Al-Anon, kwa sababu ulevi wa mtu mmoja huugua nyumba nzima.

Boito ina shule, ina makanisa, ina watu waliokwisha kuacha pombe na kunyamaza. Wawili kati yao wakikubali kuketi pamoja jioni moja, kikundi kimeanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.