Mbabe Ndiye Anayeliwa

Ukitaka kujua kati ya chuma na shaba nani mbabe, usiniulize mimi mwalimu wa kemia. Pita Kariakoo kwa wauza dawa za asili ununue mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wazee walikuwa wakipaka kwenye vidonda (usijaribu, ni sumu). Ndiyo kopa salfeti ya maabara. Kisha teremka Gerezani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, uchukue msumari wa kawaida na msumari wa bati.

Yeyusha mrututu kwenye glasi mbili ambazo hazitanywewa tena. Msumari wa kawaida, ukiupiga msasa kwanza, haukawii kuvaa wekundu. Hiyo ni shaba. Ilikuwa imejificha ndani ya ule ubuluu. Chuma kimeingia majini, yenyewe ikatolewa nje. Ukiuacha msumari humo usiku kucha, buluu hupauka na kuelekea kijani. Cha ajabu, shaba isipopukutika, msumari unaoliwa huongezeka uzito, kwa sababu kila gramu 56 za chuma zikiingia majini, hutoka karibu gramu 64 za shaba.

Msumari wa bati umepakwa zinki, nao hauna subira: mara moja unakuwa mweusi, una manyoya kama masizi. Sasa geuza mambo. Tumbukiza waya wa shaba kwenye maji ambayo chuma kimeshayamaliza ubuluu. Ngoja mpaka Idi, hakuna kitakachotokea.

Siri ni elektroni. Metali iliyo nyepesi kuziachia huiachia shaba iliyomo majini, shaba ikarudi kuwa kitu kigumu, na mtoaji akayeyuka. Waswahili tunasema mwenye nguvu mpishe. Huku kwenye metali, anayepishwa ndiye anayekwisha.

Kinachowachanganya wanafunzi wangu ni sufuria. Kwenye orodha ya ubabe wa metali wanayoikariri, aluminiamu iko juu ya zinki na juu ya chuma. Lakini weka kipande cha sufuria chakavu kwenye mrututu: kimya. Wengine huanza kusema kitabu kimekosea. Huwa siwajibu, natia kijiko cha chumvi ya jikoni. Baada ya muda kidogo glasi inachemka mapovu, inapata moto mpaka huishiki vizuri, na shaba nyekundu inamwagika chini kama matope. Sufuria ilikuwa imevaa utando mwembamba wa oksaidi usioonekana kwa macho, na chumvi ndiyo inayoutoboa. Kwa hiyo ukilaza maji ya chumvi kwenye sufuria, usishangae kuikuta ina vitundu vidogo vidogo.

Jambo hili la chuma kuitoa shaba majini, Wachina walilijua zamani. Katika karne ya 11, chini ya watawala wa Song, walitumbukiza vipande vya chuma kwenye maji ya mrututu wakavuna shaba ya kutengenezea sarafu. Mkemia wa Urusi, Nikolay Beketov, ndiye aliyezipanga metali kwa kuangalia nani anamtoa nani, mwaka 1865. Lakini kabla yake, mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa alikuwa ameshapata hati miliki ya kupaka chuma zinki.

Huo ndio mwanzo wa mabati yetu. Watu hudhani zinki ni koti tu la kuzuia mvua. Kama ingekuwa hivyo, bati lingeanza kuoza siku ile fundi anapolikata kwa mkasi, maana kingo zinabaki chuma kitupu. Haliozi upesi kwa sababu zinki iliyo jirani hutangulia kuliwa badala ya chuma. Hujitoa hivyo mpaka iishe, na kwa upepo wetu wa bahari huisha mapema. Hapo ndipo kutu inapoingia.

Gerezani kila mnunuzi anauliza geji, 28 au 30. Geji ni unene wa bati. Muulize muuzaji na gramu za zinki kwa kila mita ya mraba, umwone atakavyokutazama.