Istilahi za Mnada wa Sarafu za Kale

Sarafu za kale za Kigiriki na Kirumi, ambazo zamani zilinadiwa katika kumbi, siku hizi hunadiwa pia kwa intaneti, hata mkazi wa Dar es Salaam aweza kushindana na mtu aliye London. Kanuni za minada hiyo huandikwa kwa lugha za kigeni. Mwenye kuzifasiri hana budi kuchagua maneno kwa uangalifu, kwani neno lisilokaa mahali pake humtia msomaji hasara.

Zabuni. Hii ndiyo bei aitajayo mnunuzi. Wengi huiita dau. Lakini dau ni fedha iwekwayo katika mchezo wa kubahatisha: ashindwaye hupoteza, ashindaye huzoa. Mnadani mambo ni kinyume: ashindwaye hapotezi kitu, na ashindaye ndiye alipaye. Ni kweli kwamba leo zabuni hutumika zaidi kwa bei zipelekwazo ofisini ndani ya bahasha iliyofungwa. Hata hivyo, maana yake ya zamani ni kutaja bei mnadani, nayo imebeba ahadi impasayo mtu kuitimiza. Abonyezaye kitufe amekwisha kuzabuni. Hawezi kudai kwamba alikuwa akijaribu bahati tu.

Zabuni ya ukomo. Ni bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi huiweka kwa siri. Mtambo humzabunia ngazi kwa ngazi, ukimpita mshindani wake kidogo tu, wala hauvuki ukomo huo.

Bei ya nyundo na ada ya mnunuzi. Bei ya nyundo ni ile ambayo mnadi hufungia mauzo. Ada ya mnunuzi ni sehemu ya mia iongezwayo juu yake. Mwezi Oktoba 2020, huko London, sarafu ya dhahabu ya Brutus, iliyopigwa chapa mwaka 42 K.K. kukumbusha kuuawa kwa Julius Caesar, ilifungiwa kwa pauni 2,700,000. Ada ilikuwa asilimia 20, na mnunuzi akadaiwa pauni 3,240,000. Mfasiri aziitaye zote mbili “bei” amemficha msomaji pauni 540,000.

Silsila ya umiliki. Ni maelezo ya mikono yote iliyopitiwa na sarafu tangu ilipopatikana. Baadhi ya wafasiri husema asili, lakini asili ni mahali ilipopigwa chapa. Asili yaweza kuwa ya kweli na silsila ikawa ya uongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa sarafu hiyo ya Brutus: hati za umiliki wake zilighushiwa, na Machi 2023 wakuu wa mashtaka wa New York waliirudisha Ugiriki.

Wasomaji walio na maneno yafaayo zaidi kuliko haya wanaombwa wayatoe, ili yajadiliwe kabla ya kusanifiwa.