Mzee Bado Ana Kazi

Wapendwa, twawasikia wazee wakisema, "Mimi sasa ni wa kungoja tu." Kungoja nini? Ana binti Fanueli, wa Luka 2, alikuwa mjane mwenye miaka 84, na bado aliwatangazia watu habari za mtoto Yesu. Zaburi 71 nayo ni sala ya mwenye mvi: aogopa kutupwa, kisha aomba nafasi ya kuwafundisha wajao. Haombi kupumzika!

Lakini kumtegemea Mungu si kukataa msaada. Mwaka 2018 serikali ilifungulia wazee wa miaka 70 na zaidi, wasio na pensheni, mpango wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa huchelewa, ndiyo. Hata hivyo, chukua kitambulisho, ukamwulize chifu. Nasi vijana tukimsindikiza nyanya, tusimharakishe. Njiani ndiko anakotufundisha.