Nani Atapeleka Jina Lake? Namna ya Kupendekeza Watu na Vikundi kwa Nishani ya Utumishi

Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 Desemba, Rais wa Kenya hutoa nishani kwa watu ambao taifa limeona yafaa kuwashukuru. Majina yao huchapwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wengi wao hupata haki ya kuandika herufi za heshima nyuma ya majina yao. Mawaziri wamo, majaji wamo, makamanda wa jeshi wamo, na wakimbiaji wetu mashuhuri wamo pia. Lakini msomaji akiifuata orodha hiyo kwa kidole, akimtafuta mama wa kijijini aliyewasaidia wajawazito miaka mingi, au mzee aliyeilinda chemchemi isikatiwe miti, au chama cha akina mama kilichowalipia mayatima karo, mara nyingi kidole kitafika mwisho wa ukurasa kabla hajawaona.

Watu husema kwamba sababu yake ni upendeleo, na malalamiko ya namna hiyo yamesikika mara nyingi magazetini. Hatutaki kuyabisha. Ila iko sababu nyingine iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni kwamba hakuna aliyepeleka jina. Waziri anayo wizara ya kumwandikia. Ofisa anaye mkubwa wake. Mama wa kijijini hana mtu ila majirani, na majirani hudhani kwamba Serikali yamwona. Kamati iketiyo Nairobi huona karatasi zilizo mezani tu. Kwa hiyo twaeleza hapa namna karatasi hiyo inavyotengenezwa, na namna inavyoharibika.

Zamani za ukoloni nishani zilitoka katika kiti cha enzi cha Uingereza, na majina yalipendekezwa na maofisa wa Serikali. Raia wa kawaida hakuulizwa neno. Siku hizi sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 132, yampa Rais uwezo wa kutoa nishani kwa jina la wananchi na la Jamhuri, na mwaka 2013 Bunge lilitunga Sheria ya Nishani za Taifa. Sheria hiyo yataja wanaostahili: mtu aliyeonyesha ushujaa, kujitoa mhanga, uzalendo au uongozi kwa faida ya nchi au ya kaunti, mtu aliyetoa mchango wa kupigiwa mfano katika uchumi, elimu, sayansi, michezo, uandishi wa habari, biashara, usalama na mambo mengine, au mtu aliyeiletea Jamhuri sifa kwa njia nyingine. Kamati maalum ya ushauri huyachuja majina na kumshauri Rais.

Yaangalie sana maneno yale, “au ya kaunti.” Maana yake ni kwamba si lazima mtu awe amejulikana kutoka Lamu mpaka Busia. Akiwa amewafaa watu wa Kwale peke yao, au wa Marsabit peke yao, sheria yamtambua. Wengi hawalijui jambo hili, nao huacha kuandika kwa kudhani kwamba kazi ya mtu wao ni ndogo mno.

Nishani zenyewe zina madaraja. Juu kabisa ni Moyo wa Dhahabu. Chini yake Mkuki Uwakao. Na zipo nyingine, pamoja na ile ya Shukrani za Mkuu wa Nchi, ijulikanayo kwa herufi H.S.C., ambayo imewafikia raia wengi wa kawaida. Usipoteze siku tatu kubishana na wenzako juu ya daraja. Kieleze vema kitendo, na wakubwa wa kamati watakipima. Hata Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti ya Green Belt mwaka 1977, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman huko Marekani mwaka 1991, na Mkuki Uwakao wa nchi yake mwenyewe aliupata mwaka 2003, kisha Moyo wa Dhahabu mwaka 2004, mwaka ule ule alipopata Tuzo ya Amani ya Nobel. Miaka ishirini na sita ilipita tangu miche ya kwanza. Wageni walitangulia kumwona.

Iko pia Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014, na Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba, ambayo haiwasahau waliokwisha kufariki. Hiyo ni njia nyingine, na mwenye kumkumbuka marehemu wa kijiji chake yafaa aiulizie.

Sasa tuje kwa vikundi. Nishani ya taifa kwa kawaida hutundikwa kifuani mwa mtu mmoja, na kazi nyingi za vijijini hazikufanywa na mtu mmoja. Kwa ajili ya vikundi zipo tuzo nyingine, na mojawapo ni Tuzo ya Ikweta, itolewayo na UNDP, yaani shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2002. Tuzo hii yawatafuta wanavijiji wanaolinda ardhi, misitu au bahari na papo hapo kupunguza umaskini wao. Kenya haikukosa kuonekana: watu wa Il Ngwesi, Laikipia, waliipata mwaka 2002; wakulima wa Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, mwaka 2010; na mwaka 2017 vikundi viwili vya pwani viliipata kwa pamoja.

Kimoja kilikuwa cha Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, ambako wavuvi waliona samaki wanapungua, wakakubaliana mwanzoni mwa karne hii kutenga sehemu ya bahari isivuliwe kabisa. Watu wa pwani huiita sehemu kama hiyo tengefu. Mvuvi kukubali kutovua mbele ya nyumba yake si jambo dogo, na aliyepata kulala na njaa atalielewa mara moja.

Cha pili ni Mikoko Pamoja, cha vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale. Hawa hulinda mikoko yenye eneo la hekta 117 na kupanda mingine. Hewa ya kaboni ambayo miti hiyo yaifyonza hupimwa, vyeti vya kipimo hicho huuzwa ng’ambo, na fedha zirudipo wanavijiji huamua wenyewe zitumiwe wapi. Zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Tazama jinsi maelezo haya yalivyo mafupi, na jinsi yanavyojitosheleza. Pana mahali, pana kipimo cha ardhi, pana kazi, pana fedha na zilikokwenda. Mtu aliyeko New York, ambaye hajapata kuona mkoko, aweza kuisoma habari hiyo na kuielewa. Hilo ndilo jambo ambalo mapendekezo mengi hayana.

Maana kosa kubwa la waandikaji ni kusifu. Tuseme kuna bibi katika kata yenu asaidiaye wajawazito. Jirani yake anashika kalamu na kuandika hivi: “Bibi huyu ni mtu mwema sana, mcha Mungu, apendwaye na wote, naye amejitolea kwa hali na mali.” Kila neno ni kweli, na barua nzima haina faida, kwa sababu yaweza kuandikwa juu ya nusu ya mabibi wa Kenya. Lakini jirani yake mwingine akiandika, “Bibi huyu ni mkulima wa mihogo. Tangu mwaka 2014 amewasindikiza wajawazito mpaka zahanati iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu, mchana na usiku, pasipo malipo. Amekwisha sindikiza wanawake 163. Masika ya mwaka 2018 yalipochukua daraja, aliwaita vijana wakafunga kivuko cha magogo, nacho kilitumika mpaka daraja jipya lilipojengwa,” basi kamati itamwona huyo bibi akitembea. Hakutajwa wema wake hata mara moja.

Kwa hiyo mwandikaji hana budi kwenda kuuliza. Akae na mwenyewe, akae na waliosaidiwa, aende zahanati au shuleni akaulize mwaka, idadi, umbali na gharama. Iwapo jambo halijulikani kwa hakika, liachwe, kwa kuwa tarakimu moja ya uongo ikigunduliwa huzitia shaka zote zilizobaki. Na daftari la wagonjwa lisiambatishwe hata kidogo. Idadi yatosha, majina ni siri yao.

Fomu nyingi huwa za Kiingereza, na hapo ndipo mambo mengi hupotea. Mashahidi hunyamaza, na mwalimu wa shule huachiwa aandike apendavyo. Njia iliyo bora ni shahidi aseme kwanza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, maneno yake yaandikwe kama yalivyo, kisha ndipo yatafsiriwe. Mwalimu akiongeza mapambo yake, yafutwe kwa heshima.

Pamoja na maelezo, yahitajika ushahidi wa watu wengine. Barua ya muuguzi, ya mwalimu mkuu au ya chifu yafaa sana, hasa kama kila mmoja ataeleza alichokiona yeye mwenyewe. Barua tatu zenye maneno yale yale humwonyesha msomaji kwamba mwandikaji ni mmoja. Na shahidi asiwe shemeji wa anayependekezwa.

Baadhi ya tuzo humruhusu mtu kujipendekeza mwenyewe. Bwana Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi katika Shule ya Sekondari ya Keriko, Njoro, alipata tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019, yenye dola milioni moja. Bi Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyejenga shule kijijini kwao, watoto wakisoma asubuhi na wazazi wao mchana, alipata tuzo ya wauguzi ya Aster Guardians mwaka 2022, yenye dola 250,000. Mlango wa tuzo hizo mbili u wazi kwa mtu kuomba mwenyewe au kupendekezwa na mwingine. Lakini kwetu mtu kujisifu ni aibu, na mwenye kustahili zaidi mara nyingi ndiye aonaye haya zaidi. Hapo ndipo jirani anapohitajiwa.

Hata hivyo mwenyewe aulizwe kwanza. Wako wasiopenda kutajwa, na wako wenye sababu nzito: mwanamke anayewaficha wasichana wasiozwe wangali wadogo aweza kuletewa hatari na picha moja gazetini. Vilevile mwenendo wa mtu uchunguzwe kwa upole kabla jina halijakwenda, maana kesi ya wizi ikitokea baadaye, aibu huwarudia wote waliotia sahihi.

Kwa vikundi pana jambo gumu kuliko hayo, nalo ni kujua nani aitwe kikundi. Mara nyingi mwenyekiti ndiye hujaza fomu, huweka picha yake, na akialikwa hupanda basi peke yake. Wanawake waliobeba miche vichwani hupata habari redioni. Tuzo ikija na fedha, ugomvi huanza juma lile lile, na tumepata kusikia vikundi vilivyovunjika kwa sababu ya heshima waliyopewa. Dawa yake ni mkutano kabla ya kupeleka jina, si baada ya kushinda. Wanachama wakubaliane nani atawawakilisha, fedha zikipatikana zitaingia benki gani, zitafanya kazi gani, na nani watatia sahihi. Maazimio yaandikwe katika daftari la mikutano. Kikundi kilichoandikishwa kwa Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kitaona kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa katiba na maofisa wake wanajulikana.

Neno moja juu ya walaghai. Nishani ya taifa hailipiwi, wala Tuzo ya Ikweta haina ada ya kuingia. Mtu akikupigia simu na kusema kwamba mama yako amechaguliwa, ila zatakiwa fedha kidogo za “kusafisha faili,” huyo ni mwizi. Zipo pia kampuni zitoazo vikombe kwa kila alipaye meza ya chakula hotelini. Hiyo ni biashara, na kila mtu ana uhuru wa kununua kikombe.

Anayetaka kuanza aende katika ofisi ya Serikali iliyo karibu naye akaulize fomu za mwaka huu na siku ya mwisho ya kuzipokea. Asingoje mpaka Novemba, kwa kuwa kuchuja majina huchukua muda. Karatasi zikiisha kujazwa, zifanyiwe nakala mbili, moja ikae kwa mwandikaji na moja kwa shahidi, na juu yake iandikwe tarehe zilipopelekwa na jina la karani aliyezipokea. Jina lisipotoka mwaka huu, lipelekwe tena mwaka ujao, pamoja na habari za yale yaliyotendeka katika miezi kumi na miwili iliyopita.