Dawa ya Asiyeumwa

Tangu kampeni za kumeza dawa dhidi ya matende na mabusha zianze katika Pwani yetu, mwaka 2000 kule Mafia na mwaka uliofuata Unguja na Pemba, watu wamekuwa wakiwauliza wagawa dawa swali moja: mimi siumwi, dawa ya nini? Ni swali la haki. Kwa mazoea yetu dawa humfuata mgonjwa, na mtu mzima mwenye nguvu zake akiletewa vidonge mlangoni ana sababu ya kusita. Mara nyingi amejibiwa kwa ufupi mno, kwamba ni kwa ajili ya afya yake. Jibu hilo halitoshi, na kwa sehemu si sahihi. Jibu lenyewe ni refu, na linaanzia kwa mnyoo.

Tuanze na maneno. Matende ni uvimbe wa kudumu, hasa wa mguu, ambao mwishowe huifanya ngozi kuwa nene na ngumu. Busha ni kujaa maji kwa mfuko wa korodani. Wengi wameyahesabu kuwa maradhi mawili yasiyohusiana, kila moja na chanzo chake. Imani kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi bado inasikika hadi leo. Kumbe ni matawi ya shina moja. Shina hilo ni mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti, mwembamba kama uzi, jike akiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10 na dume kama nusu ya hapo. Makao yake ni mishipa ya limfu, yaani mishipa inayokusanya majimaji yaliyochujuka mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Mnyoo akiishi humo mishipa hutanuka na kulegea, maji yanakosa njia ya kurudi, yanatuama.

Mnyoo mzima huweza kuzaa kwa miaka mitano hivi, wakati mwingine zaidi. Katika muda huo jike hutoa mamilioni ya minyoo wachanga, ambao wataalamu huwaita mikrofilaria. Hao wachanga wana tabia ya ajabu: mchana hujificha katika mishipa ya damu ya ndani, hasa ya mapafu, na usiku wa manane hujitokeza katika damu iliyo karibu na ngozi, saa ileile mbu anapouma. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akifanya kazi Amoy nchini China, aliwalisha mbu damu ya mtu mwenye minyoo hao, akawapasua, akaona minyoo wakikua ndani yao. Kwa kuwa wachanga hujitokeza usiku tu, watafiti kwa miaka mingi walilazimika kuwatoa watu damu usiku ili kupima. Katika nchi ambayo watoto wamelelewa na hadithi za mumiani wanyonya damu, si ajabu utafiti wa aina hiyo uliacha minong'ono nyuma yake.

Sasa tufike mahali ambapo ugonjwa huu unatofautiana na malaria, kwa kuwa ndipo ulipo udhaifu wake. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya mbu huzaliana, kikiingia ndani ya mtu huzaliana tena, hivyo mbu mmoja anatosha kumlaza mtu kitandani. Mnyoo wa matende hazaliani ndani ya mbu. Mchanga mmoja aliyenyonywa na damu, akibahatika kutokufa, baada ya wiki mbili hivi huwa mmoja yuleyule, ila amekomaa kiasi cha kuweza kuambukiza. Wala minyoo wazima hawaongezeki wenyewe ndani ya binadamu: kila mnyoo mzima aliyemo mwilini aliletwa na mbu, na hatazaa mpaka akutane na wa jinsia ya pili. Ndiyo maana mtu huhitaji kuumwa mara nyingi sana na mbu wenye maambukizi, mamia na pengine maelfu ya mara, kabla ya ugonjwa kushika mizizi. Mnyororo wa namna hii ni mrefu lakini ni mwembamba. Ukipunguza vya kutosha idadi ya wachanga katika damu za watu, utafika wakati ambapo wanaokufa ni wengi kuliko wanaofanikiwa kupita, na mnyororo utakatika wenyewe kabla hujamfikia mnyoo wa mwisho.

Dawa ambazo zimekuwa zikitolewa Tanzania ni mbili kwa pamoja, ivermektini na albendazoli, zote zikitolewa bure na kampuni zinazozitengeneza. Kazi yao kubwa ni kuwafagia wachanga kutoka kwenye damu. Wazazi wao, yaani minyoo wazima walio ndani ya mishipa ya limfu, wengi hubaki hai. Hupunguziwa uzazi kwa muda, kisha baada ya miezi kadhaa wachanga huanza kuonekana tena. Hapo ndipo inapotoka ratiba ambayo watu wengi huiona kama usumbufu: mara moja kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano. Dozi ya kila mwaka huwafagia wachanga kabla hawajawa wengi tena, na miaka mitano ndiyo muda wa kumsubiri mnyoo mzima azeeke na kufa bila kuacha warithi. Utaratibu huu wa kuwapa dawa watu wote wa eneo, bila kumpima mmoja mmoja, ndio unaoitwa kingatiba.

Kwa hiyo tunaweza kumrudia yule aliyeuliza mlangoni. Huenda kweli hana mnyoo. Huenda anao na hajui, kwa kuwa wengi wenye wachanga katika damu hawana uvimbe wowote. Kwa upande mwingine, jirani yake mwenye mguu uliovimba miaka kumi huenda hana mchanga hata mmoja, minyoo wake walishakufa wakaacha uharibifu. Vidonge havitaurudisha mguu huo wala kuyakausha maji ya busha. Shabaha ya dawa ni damu atakayokunywa mbu usiku wa leo, na damu hiyo kwa kawaida ni ya mtu anayejiona mzima.

Tukishaelewa hivyo, swali la nani kameza na nani hakumeza linapata uzito mpya. Shirika la Afya Duniani linataka kila mwaka wameze watu wasiopungua asilimia 65 ya wakazi wote. Chukua vijiji viwili, kila kimoja kina watu 100, na kila mwaka katika kila kijiji wanameza 80. Katika kijiji cha kwanza wanaokosa hubadilika kwa bahati tu. Mwaka wa kwanza wamekosa 20. Mwaka wa pili, kati ya hao 20, wanameza 16, wanabaki 4 ambao hawajawahi kumeza. Mwaka wa tatu habaki hata mmoja kamili. Katika kijiji cha pili wanaokosa ni walewale kila mwaka. Mwaka wa kwanza 20, wa pili 20, wa tano 20. Taarifa za vijiji hivi viwili zinazopelekwa wilayani hazina tofauti hata ya tarakimu: asilimia 80, asilimia 80, asilimia 80. Lakini kimoja kimemaliza kazi na kingine kimetunza hifadhi ya wachanga watakaorudi kwa kila mtu dawa zitakaposimama.

Na hao 20 ni akina nani? Wapo wanaoachwa kwa utaratibu na kwa haki: wajawazito, wagonjwa mahututi, watoto ambao kimo chao hakijafika alama ya kwanza ya fimbo ya kupimia dozi. Hao si tatizo, kwa sababu mtoto atakua na mama atajifungua. Ninaowawazia ni mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na kwao, kijana anayeondoka alfajiri na pikipiki na kurudi usiku, mwanamume anayeshuku kwamba vidonge vinakata uzazi na hivyo anavipokea kwa adabu na kuviweka juu ya kabati. Huyu wa mwisho ndiye mgumu zaidi kwa hesabu, kwa kuwa daftarini ameandikwa kuwa amepewa. Kupewa na kumeza ni vitenzi viwili, na mbu anajali kimoja tu.

Hadi hapa tumemzungumzia mtu na mnyoo, mbu tumempita kando. Upo utafiti mmoja uliofanywa kwetu ambao naona haukupewa nafasi unayostahili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti akiwemo Chris Curtis wa London waligundua kwamba mbu wengi wa aina ya Culex, wale wanaozaliana katika maji machafu, walitoka katika mashimo ya vyoo yenye maji. Wakamwaga juu ya maji ya mashimo hayo tabaka la chembe nyeupe za polistirini, kitu kilekile kinachofungashiwa redio na televisheni zisivunjike. Chembe huelea. Buu wa mbu anayepanda juu kuvuta hewa hana pa kupenya, na mbu jike hana uso wa maji wa kutagia. Sambamba na hilo ilifanywa kampeni moja tu ya kuwapa wakazi dawa iitwayo DEC kwa kifupi. Kabla ya hapo watu wenye wachanga katika damu walikuwa asilimia 49. Baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 3. Katika mji mwingine, Moga, wakazi walipewa dawa pasipo kugusa mashimo. Kiwango kilishuka, na kati ya mwaka wa tatu na wa sita kikaanza kupanda tena.

Tusikimbilie kusema kwamba chembe hizo ndizo jibu la kila mahali. Watafiti haohao walipoijaribu mbinu hiyo katika mji wa Zanzibar, walishughulikia mashimo 3,844 na mbu majumbani wakapungua kwa asilimia 65 hivi. Ni kazi kubwa, na wenyewe walikiri kwamba gharama yake ni vigumu kuitetea kwa ajili ya minyoo peke yake. Waliongeza jambo ambalo mimi naliona la maana sana: watu walihisi usiku umetulia. Kidonge hakionekani kazi yake, lakini usingizi usio na mlio wa mbu kila mtu anaujua, na huweza kuwa sababu ya kumfungulia mgawa dawa mlango.

Mtu atajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Hupimwa watoto wa miaka sita na saba. Mantiki yake ni rahisi: mtoto wa umri huo ameishi karibu maisha yake yote ndani ya kipindi cha kampeni, hivyo akikutwa na dalili ya mnyoo katika damu, ameambukizwa karibuni na mnyororo bado uko hai. Zanzibar ilisimamisha ugawaji mwaka 2006, baada ya miaka ya utekelezaji uliosifiwa kote duniani. Vipimo vya mwaka 2012 vilionyesha kwamba maambukizi hayakuwa yamekatika, si Unguja wala Pemba, na dawa zikarudishwa mwaka uliofuata. Siwalaumu waliosimamisha. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Afrika kuvifikia visiwa vizima kwa mpango huu, na kipimo cha watoto hakikuwa kimewekwa kama kilivyo leo.

Zipo habari njema. Utafiti wa Papua New Guinea ulionyesha kwamba dozi moja ya dawa tatu, yaani ivermektini, albendazoli na DEC, iliwaacha asilimia 96 ya waliomeza bila wachanga katika damu baada ya mwaka mzima, wakati dawa mbili, DEC na albendazoli, ziliwaacha hivyo asilimia 32 tu. Kenya ilianza kuzitumia tatu hizo mwaka 2018, Lamu ikiwemo. Lakini hazifai kumwagwa kila mahali: DEC ikimezwa na mwenye ugonjwa wa usubi inaweza kumdhuru macho, na usubi upo katika maeneo kadhaa ya Tanzania Bara.

Baada ya kuyafuata haya yote, nafikia maoni mawili. La kwanza ni juu ya wale waliokwisha kuharibika viungo. Kwa kuwa vidonge haviwasaidii, kampeni nyingi zimewapitia mlangoni zikiwapa kitu kilekile alichopewa jirani mzima. Ilhali daktari Gerusa Dreyer, kule Recife nchini Brazil, alishaonyesha kwamba homa na maumivu yanayomrudia mwenye matende huletwa zaidi na bakteria wanaoingia kwenye mipasuko ya ngozi, na kwamba kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha hadi katikati ya vidole na kuuinua wakati wa kupumzika hupunguza mashambulizi hayo. Busha nalo huondolewa kwa upasuaji wa kawaida. Ningependa beseni, sabuni na tarehe ya upasuaji vitangulie, vidonge vifuate. Kijiji kilichomwona mzee wake akirudi baharini baada ya upasuaji kitasikiliza maelezo kuhusu mbu na damu kwa namna nyingine kabisa.

La pili ni dogo, la daftari. Mgawa dawa huandika nani kapewa mwaka huu. Ningeongeza safu moja ya wale waliokosa mwaka jana, ili akishika njia asubuhi aanze na nyumba zao, na ikibidi apande ngalawa aende dago.